Umekwama kwenye maswali ya obiti? Cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Mwanafunzi wa fizikia akifika kwenye mada ya obiti na falaki, wazo la kwanza huwa darubini. Ni chombo kizuri, ila hakijawahi kumtatulia mtu swali la setilaiti. Maswali haya huwashinda watu kwa sababu mbili: hawajui waanze na kanuni ipi, na hesabu huwapotelea katikati. Kwa hiyo nimepanga vitu kwa kigezo kimoja kikuu, nacho ni jinsi kila kimoja kinavyokusaidia kufika kwenye jibu ukiwa umekaa peke yako na daftari.

1. Kitabu chenye mifano iliyofanywa mpaka mwisho

Hiki hakina mpinzani. Lakini kabla hujatoa pesa, pakua vitabu vya bure vya OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani. Kile cha fizikia ya chuo kina sura nzima ya graviti na kanuni za Kepler za mwendo wa sayari, na kuna kingine cha falaki. Kwa anayeanza vinatosha kabisa. Cha kununua ni kile kinachoendelea pale hivyo vinapoishia: kuhamisha chombo kutoka obiti moja hadi nyingine, au kukokotoa setilaiti itakuwa wapi baada ya muda fulani.

Ukikishika mkononi, nenda kwenye faharasa utafute jina Hohmann, mhandisi wa Ujerumani ambaye mwaka 1925 alieleza namna ya kuhama kati ya obiti mbili za duara kwa kupitia nusu ya duaradufu. Ukikuta mchoro na kanuni tupu, kirudishe. Unataka mfano wenye tarakimu. Tuseme setilaiti iko kilomita 300 juu ya ardhi, yaani kilomita 6,678 kutoka kitovu cha Dunia, na inapelekwa kwenye obiti ya kilomita 42,164 kutoka kitovu hicho, ambako huonekana kama imesimama angani. Kitabu cha maana kitakuonyesha kwamba inaanza na kasi ya kilomita 7.73 kwa sekunde, inaongezewa 2.43 ili ianze kupanda, inaongezewa tena 1.47 ikifika juu, na safari yenyewe inachukua kama saa 5 na robo. Kila hatua iandikwe, pamoja na vizio vyake.

Angalia pia kama mwandishi anatenganisha waziwazi kimo juu ya ardhi na umbali kutoka kitovu. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuweka 300 mahali pa 6,678, na kitabu kinachochanganya hivyo viwili kitakuzoesha vibaya.

Toleo la zamani lililotumika halina tatizo lolote, Newton hajabadilisha mawazo. Hakikisha tu kurasa za majibu hazijachanwa.

2. Kikokotoo cha kisayansi

Cha kuchora grafu si lazima, na mitihani mingine hukikataa. Soma masharti ya mtihani wako kwanza. Unachohitaji ni kitufe kinachorudisha jibu lililopita (kwa kawaida kimeandikwa Ans), nafasi za kuhifadhi thamani ili usiandike 3.986 × 10¹⁴ (namba ya graviti G mara tungamo la Dunia, kwa mita na sekunde) kila mara unapoigusa Dunia, na kioo kinachoonyesha waziwazi kama uko kwenye digrii au radiani.

Kijaribu palepale dukani kwa mlinganyo wa Kepler, M = E − e sin E, ambao hauna njia ya mkato ya kuupatia E. Hapa M ni pembe inayotokana na muda uliopita, e ni kipimo cha jinsi obiti ilivyobanwa kutoka duara, na E ni pembe unayoitafuta ili ujue chombo kiko wapi. Chukua M = 1 na e = 0.2. Weka radiani, andika 1, bonyeza kitufe cha sawasawa (=). Kisha andika 1 + 0.2 × sin(Ans) na uendelee kubonyeza sawasawa. Utaona 1.1683, halafu 1.1840, halafu 1.1852, mpaka itulie kwenye 1.1853. Ikikwama kwenye 1.0035, uko kwenye digrii. Kikokotoo kinachokulazimisha kuandika upya mstari mzima kila mzunguko kitakuchosha kabla ya swali la tatu.

3. Mwalimu wa tuisheni, kwa saa

Nimemweka wa tatu kwa sababu ya gharama, na kwa sababu anafaa zaidi baada ya wewe kujua umekwama wapi. Lipia saa moja, usilipie mwezi. Mpime kwa swali hili: setilaiti ikisuguana na hewa nyembamba ya juu, kasi yake inapungua au inaongezeka? Wengi hujibu "inapungua" bila kufikiri. Kwa kweli inaongezeka, kwa sababu msuguano unaipunguzia nishati ya jumla, inashuka kwenye obiti ya chini zaidi, na huko chini kasi ya kuzunguka ni kubwa zaidi. Mwalimu akishika kalamu na kukuonyesha hilo kwa nishati, umempata. Akikwambia "hiyo haiji kwenye mtihani", mshukuru uende zako.

4. Darubini ya macho mawili, 10×50

Hapa tunaingia kwenye anga lenyewe. Ukiiegemeza mahali imara, hii inakuonyesha miezi minne mikubwa ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Chora ilivyokaa kila usiku na utapata maswali yako mwenyewe. Mwezi wa Io, kwa mfano, huzunguka kwa siku 1.769 ukiwa wastani wa kilomita 421,700 kutoka kitovu cha Mshtarii. Ziingize tarakimu hizo kwenye kanuni ya tatu ya Kepler kwa umbo alilolipa Newton, na tungamo la sayari nzima litatoka: takriban kilo 1.90 × 10²⁷. Kujua Mshtarii uko wapi usiku huo, programu ya Stellarium ni ya bure.

5. Teleskopu

Subiri. Ukishindwa kusubiri, tazama kipenyo cha kioo au lenzi, usitazame ukuzaji uliochapishwa kwenye boksi. Ukuzaji unaofaa hauzidi sana mara mbili ya kipenyo kwa milimita, kwa hiyo ya milimita 60 ikijitangaza kukuza mara 500, iache hapohapo. Ya kioo cha milimita 150 kwenye kiegemeo cha Dobson (kitako rahisi kinachozungushwa kwa mkono) ndiyo ningeanza nayo.

Usinunue: majibu ya kulipia

Unatuma swali, unarudishiwa suluhisho. Nimeiweka nje ya orodha kwa sababu swali linalofuata litabadilisha tarakimu moja tu, na utalazimika kulipa tena.