Vifaa Vinne vya Kupanga Nyumba: Miezi Sita ya Kuvitumia Nyumbani Kwangu Tabata

Habari zenu watazamaji, na karibuni tena sebuleni kwangu, hapa Tabata, Dar es Salaam. Vitu mnavyoviona juu ya meza hii si vipya. Rafu ya viatu imepinda upande wa kushoto, makopo mawili kati ya manne yamepoteza vibanio vyake, ndoano zimebaki sita katika pakiti ya kumi, na kapu kubwa la ukindu limebadilika rangi kwenye kitako. Nimevileta hivyo hivyo kwa makusudi, kwa sababu nimevitumia kuanzia Februari hadi Julai, masika yote yakiwa katikati, ndani ya nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, sebule na jiko dogo, ambamo tunaishi watu watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na dada anayetusaidia kazi.

Kabla ya kuvichambua, niwaeleze kipimo nilichokitumia, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini nimekikataa kitu kizuri na kukisifu kitu kibovu. Nilihesabu vitendo. Mtu anapotaka kurudisha kitu mahali pake, hufanya vitendo vingapi? Kuinama ni kitendo, kufungua mfuniko ni kitendo, kusogeza kilicho mbele ili kukifikia kilicho nyuma nacho ni kitendo. Hapa kwetu nimeona kwamba kitendo kimoja hufanywa na kila mtu, viwili hufanywa na watu wazima wasipokuwa wamechoka, na kuanzia vitatu kwenda juu hufanywa na mke wangu peke yake, tena kwa kununa. Kwa hiyo kila kifaa nilichokinunua nilikiuliza swali moja tu: je, kinapunguza vitendo vya mazoea tuliyonayo tayari, au kinatuongezea?

Tuanze na rafu ya viatu. Hii ni ile ya mabomba membamba yanayounganishwa kwa viungio vya plastiki, ngazi tano, ikiwa na gauni la kitambaa lenye zipu mbele. Niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa shilingi 22,000 baada ya kuambiwa 30,000. Ilipofungwa zipu ilipendeza kwelikweli, na wiki ya kwanza wageni waliisifia. Sasa hesabuni pamoja nami. Sisi, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za hapa, huvua viatu mlangoni. Mtoto anarudi kutoka shule, mkoba mgongoni, anavua viatu. Kisha anatakiwa kuinama, kuifungua zipu kutoka juu hadi chini, kusukuma viatu ndani, na kuifunga zipu tena. Hivyo ni vitendo vinne kwa mtu mwenye njaa. Kufikia mwisho wa Februari viatu vyote vilikuwa mbele ya rafu, vimepangwa sakafuni kama foleni ya watu wanaosubiri daladala, na ndani ya rafu kulikuwa na viatu viwili vya harusi visivyovaliwa.

Masika yakamaliza ubishi. Mwezi wa Aprili viatu vilivyolowa viliwekwa ndani, zipu ikafungwa, na baada ya siku chache nilipoifungua nilikuta mkanda wangu wa ngozi na viatu vya kazini vimeota ukungu mweupe. Hewa ya jiji hili lililo kando ya bahari ina unyevu mwingi hata pasipo mvua, na kitambaa kile kilikuwa kinaufungia unyevu pamoja na viatu. Nikalivua gauni lote, nikalikunja, nikaiacha rafu ikiwa mifupa mitupu. Vitendo vikashuka kutoka vinne hadi kimoja, na tangu siku ile watoto hurudisha viatu bila kuambiwa, ingawa nakiri kwamba vya mdogo hukaa kichwa chini miguu juu. Vumbi linaingia, ndiyo. Jumamosi mtu mmoja anapitisha kitambaa chenye maji na kazi imekwisha. Kuhusu kupinda, kosa ni langu: niliweka viatu vizito ngazi ya juu. Vizito vikae chini, na viungio vigongwe kidogo kwa kiganja kila mwezi, kwa kuwa mabomba huchomoka polepole kadiri rafu inavyosukumwa na ufagio.

Sasa makopo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu jikoni ndiko fujo ya nyumba yetu ilikozaliwa. Haya ni makopo manne ya plastiki inayoonyesha kilichomo, kila moja la lita 5, yenye mpira wa kuzibia na vibanio vinne pembeni. Nililipa shilingi 36,000 kwa yote manne. Kosa la kwanza sikuligundua dukani, wala sidhani muuzaji alilijua: lita si kilo. Kopo la lita 5 hupokea kama kilo 4 za mchele, na sisi hununua mchele wa kilo 5. Kwa hiyo kila tulipojaza kopo, kilo moja hivi ilibaki kwenye mfuko wake, mfuko ukafungwa kwa mpira, ukawekwa juu ya kabati, na baada ya miezi miwili tulikuwa na mifuko mitatu iliyofungwa kwa mpira, yenye michele ya umri tofauti. Kifaa kilichokuja kuondoa mifuko jikoni kilikuwa kinaizalisha. Ndoo ya mafuta ya kupikia ya lita 10, ile ambayo wengi wenu mnayo tayari, hupokea takriban kilo 8, maana yake mfuko wa kilo 5 unaingia wote na kikombe cha kupimia kinabaki humo humo. Angalieni tu iwe kweli ni ndoo ya mafuta ya kula, iliyooshwa kwa maji ya moto na sabuni na kukaushwa kabisa. Ndoo ya rangi, hata ikisuguliwa ikang'aa, ibaki ya kudekia.

La pili ni fukusi. Niliamini kwamba mfuniko wenye mpira utawazuia, na kwa wale wanaotoka nje unawazuia, lakini wengi hatuletewi na hewa: tunawanunua. Mayai huwa yamo ndani ya punje tangu ghalani, nawe unayafungia mahali pakavu na salama ili yaanguliwe kwa raha. Kama una friza, uweke mchele humo siku nne, kisha uuache urudi kwenye joto la kawaida ukiwa bado ndani ya mfuko wake uliofungwa, ndipo uumimine koponi. Kama huna friza, nunua wa wiki mbili badala ya wa mwezi. Na msimimine mpya juu ya wa zamani, kwa sababu ule wa chini hautaliwa kamwe. Utakuwa nyumba ya wazazi. Unga wa dona nao usikae muda mrefu hata koponi, kwa kuwa umesagwa pamoja na kiini chenye mafuta, na mafuta hayo huchacha katika joto hili. Sembe, iliyokobolewa, huvumilia zaidi.

Pamoja na hayo yote, makopo yana sifa moja ambayo siwezi kuidharau, nayo ni kwamba yanaonyesha kilichomo. Dada wa nyumbani ndiye aliyenifumbua macho. Zamani alikuwa akisema mchele umekwisha siku ulipokwisha, saa moja jioni, nami nikatoka kwenda dukani kwa mangi kununua kilo moja kwa bei ya dukani kwa mangi. Siku hizi anapita asubuhi, anatupa jicho, anasema umebaki wa siku mbili. Hilo ni zoea lisilo na kitendo hata kimoja. Kwa hiyo hukumu yangu kwa makopo imegawanyika: kwa maharage, choroko na sukari ya akiba, naam, kwa mchele wa kila siku, ndoo, na kwa chumvi, hapana kabisa. Mtu anayepika ana mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine umelowa, hawezi kufungua vibanio vinne ili apate nusu kijiko. Matokeo yake kopo la chumvi lilikuwa wazi mchana kutwa, na chumvi iliyo wazi hunyonya maji hewani unyevu unapopita asilimia 75, jambo la kawaida hapa asubuhi nyingi. Tulikuwa na tope la chumvi. Ipo sasa kwenye chupa ya jamu yenye mdomo mpana na mfuniko wa kuzungusha, pembeni mwa jiko la gesi, nayo ni kavu.

Ndoano za kubandika nitazipitia haraka. Pakiti ya kumi kwa shilingi 5,000. Kwenye marumaru za bafuni na kwenye kioo, ukipangusa kwanza kwa spiriti na kuiacha ndoano ikae siku nzima kabla ya kuitundikia kitu, zinashika. Kwenye ukuta wa chokaa au wa rangi ya maji zinabandukana, tena zinabandukana na kipande cha rangi, na hapo utakuwa na mazungumzo na mwenye nyumba ambayo hukuyapanga. Nne zimekufa hivyo.

Moja kati ya zilizosalia, hata hivyo, imefanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kila safari ya sokoni imekuwa ikileta mfuko mbadala mpya nyumbani, na kwa kuwa mfuko mzima hautupwi, inajaa. Siku niliyoihesabu nyuma ya mlango wa jiko nilipata 43, mingine imo ndani ya mingine ambayo nayo imo ndani ya mingine. Tulibakiza kumi, tukagawa iliyobaki kwa mama lishe wa mtaani anayefungashia wateja, kisha ndoano moja ikabandikwa kwenye kioo cha mlango wa mbele, usawa wa mkono, mifuko miwili ikatundikwa hapo pamoja na funguo. Anayetoka anachukua funguo, mfuko unamgusa mkono, anauchukua. Kwa miezi mitatu sasa hatujanunua mfuko mpya.

Kitu cha mwisho ni kapu la ukindu, na mnaona yako mawili kwa sababu la kwanza lilikuwa kosa. Nilitaka chombo cha kukusanyia vitu vilivyopotea njia: chaja iliyotoka chumbani, daftari la mtoto, soksi, remoti, risiti za LUKU. Mazoea tuliyojiwekea ni dakika kumi kabla ya kulala. Mtu mmoja anazunguka sebuleni na kapu, anakusanya, kisha anapita chumba kwa chumba akigawa. Anayezunguka hufanya kama kitendo kimoja kwa kila kitu, kwa sababu hasafiri na soksi moja moja. Nilinunua kapu kubwa la shilingi 15,000, nikidhani ukubwa ni faida. Kumbe kapu kubwa halijai, na lisilojaa halidai kumwagwa. Siku ya tatu remoti ilipotea, tukaitafuta chini ya makochi na nyuma ya kabati, watoto wakalaumiana hadi kulia, na siku ya tano ilipatikana chini kabisa ya kapu, imelaliwa na kanga mbili na bomba la dawa ya meno lililokwisha. Kwa hiyo tazameni hili dogo, la shilingi 7,000. Linajaa kwa vitu kumi na mbili hivi, na likijaa hakuna anayeweza kujifanya hajaliona. Lina sharti moja tu, kwamba lisilale na kitu. Kitako cha lile kubwa kilibadilika rangi kwa sababu lilikaa kwenye kona isiyo na hewa wakati wa mvua. Ukindu unataka jua kidogo kila wiki, kama mkeka.

Kama mnataka niseme ningenunua nini tena kesho: rafu, lakini ile isiyo na gauni, ambayo huuzwa bei nafuu zaidi, makopo mawili badala ya manne, kapu dogo, na ndoano kwa ajili ya marumaru na kioo pekee.

Kuna mtu atauliza kuhusu kiti. Nyumba zenu zinacho, najua, kile kiti cha chumbani kinachobeba nguo zilizovaliwa mara moja, ambazo si chafu za kufuliwa wala si safi za kurudishwa kabatini. Sikununua kifaa chochote kwa ajili yake. Kabati linataka ufungue mlango, utafute henga, utundike, ufunge. Kiti hakitaki chochote. Nilimwomba mwenye nyumba ruhusa, nikapigilia misumari mitatu nyuma ya mlango wa chumba, wa mke wangu, wangu, na wa tatu kwa taulo. Kitendo kimoja. Mke wangu anautumia wa kwake tangu siku ile ile. Kiti kimebaki na kanzu moja tu, na hiyo, kama mlivyokisia, ni yangu.