Kozi ya chuo ya dola 25: tuliyoyaona sisi wa Mwanjelwa

Nauza vitenge Mwanjelwa, Mbeya, na nina binti aliyemaliza kidato cha nne. Mzazi aliyepitia anajua hesabu yake: mtihani Novemba, matokeo mwishoni mwa Januari, kidato cha tano Julai. Ni miezi minane ya mtoto kukaa nyumbani. Wenzake wengine walipelekwa kozi ya kompyuta, wengine tuisheni, wengine wakaolewa na simu zao.

Wazo la chuo cha mtandaoni lilitoka kwa wifi yangu aliyeko Phoenix. (Wifi wa kuolewa. Nikilitaja neno hilo dukani vijana wananiuliza nenosiri.) Mwanawe alisoma masomo kadhaa ya chuo akiwa bado sekondari, na Wamarekani hawalishangai hilo. Mwanafunzi anachukua somo la mwaka wa kwanza wa chuo, akifaulu anapewa krediti zake, siku akiingia chuo kikuu anakuta somo lile ameshalimaliza.

Wifi akanielekeza Arizona State University, kwenye kozi wanazoziita Universal Learner Courses. Hawakudai cheti cha kidato cha sita. Unalipa dola 25 kuanza. Ukimaliza unaonyeshwa maksi zako kwanza, ndipo uamue kama unalipa dola 400 ziingie kwenye rekodi za chuo. Usipozipenda unaondoka zako, na hazikufuati popote. Hapo ndipo waliponikamata. Nani siku hizi anakuruhusu ushone kitenge, uvae, ujitazame kwenye kioo, halafu ndiyo mzungumze bei?

Kulipa kulitusumbua kidogo. Kadi yangu ya benki ilikataa mara mbili, ikapita kadi ya mtandaoni ya pesa za simu. Weka ziada kidogo juu ya zile dola 25, maana wanaobadilisha fedha nao wanakata chao.

Binti alichagua aljebra. Nilidhani Kiingereza ndicho kitakachomshinda, kumbe hesabu alikuwa anazijua, majina ndiyo yaliyomgeuka. Shuleni kwake mteremko wa mstari kwenye grafu walizoea kuuita gradient, kule ni slope kila ukurasa. Ile standard form aliyokaririshwa tangu kidato cha pili, ya namba ndogo mara kumi yenye kipeo, wao wanaiita scientific notation, na wao wakisema standard form wanamaanisha kitu kingine. Wiki mbili za kwanza alikosa maswali ambayo angeyajibu usingizini. Nikamnunulia daftari, akapiga mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto Kitanzania, kulia Kimarekani. Kama mwanao ataanza kozi hizi, anza na daftari hilo kabla ya kununua bando.

Saa hazikututesa kama nilivyoogopa. Arizona hawasogezi saa zao, kwa hiyo tofauti ni saa kumi mwaka mzima. Saa nne ya asubuhi yao ni saa mbili ya usiku wetu, duka limeshafungwa, mtoto amekula, unaweza kuandika swali na mtu wa kulijibu yuko macho. Kilichotutesa ni mvua za Januari. Radi ikipiga upande wa mlima Loleza, umeme nao unaaga, na laptopu tuliyokodi ilikuwa na betri ya dakika arobaini. Tulijaribu intaneti kafe moja, wakatutoza saa nzima kwa mtandao uliokufa baada ya robo saa. Sikurudi. Tukamalizia kwa bando la simu yangu, usiku.

Mtihani wa mwisho ulisimamiwa kwa kamera. Nilitoa marobota yote kwenye chumba cha nyuma ya duka, nikabaki mlangoni kama askari. Hata hivyo mama mkwe alinipita na ungo wa maharage. Binti anasema moyo ulisimama, lakini hakuna aliyemfokea.

Akapata 78. Alirukaruka nami nikaruka naye, maana kwa mtihani wa kidato cha nne A inaanzia 75. Wifi ndiye aliyetutuliza kwa simu: kwao A huanzia 90, na 78 ni kundi la C. Mtoto alikaa kimya mpaka ugali ukapoa.

Je, nililipa zile dola 400? Sikulipa. Ni kama milioni moja, mzigo wangu mzima wa vitenge kutoka Tunduma. Mteja wangu mmoja mhadhiri alinieleza wazi kwamba mlango wa chuo kwetu, kwa aliyepita kidato cha sita, ni principal pass mbili, yaani kufaulu masomo makuu mawili. Krediti ya aljebra kutoka Arizona haizibi pengo hilo. Kama mwanao ana njia ya kweli ya kwenda Marekani, hesabu inabadilika. Binti anadai njia anayo, ni shangazi yake. Hatujaelewana.

Kwa dola 25 ninawapa nyota nne. Kwa 400, kwa mtoto anayebaki hapa, nyota mbili. Na usimwandikishe mwanao akiwa bweni. Shuleni kwake simu ni marufuku, ataisoma lini? Ile miezi minane ndiyo yenyewe.

Julai binti alikwenda Iringa kuanza kidato cha tano, mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hesabu). Siku ya wazazi nilimkuta anacheka. Wiki ya pili tu alisimama darasani akasema slope, mwalimu akamuuliza, "Wewe umetokea wapi?" Akajibu Mwanjelwa. Darasa zima likacheka. Daftari lile ameniagiza nimpelekee, lakini mdogo wake wa kidato cha tatu ameshalificha.