Saa ya hatua kutoka Luthuli: fundi wa saa ameivaa, kisha ameifungua

Kwanza mjue anayesema ni nani. Mimi ni fundi wa saa, kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo moja River Road, Nairobi, kinatosha meza, kiti na taa, na umri wangu ni miaka 67. Kazi yangu ni ya kukaa. Jicho linafanya kazi, vidole vinafanya kazi, lakini kuanzia kiunoni kushuka chini hakuna kinachojishughulisha. Kwa hiyo binti yangu aliponiletea hii saa ya kuhesabu hatua, ya kioo cha kugusa, aliyoinunua mtaa wa Luthuli kwa shilingi 3,800, niliipokea kama fundi na kama mgonjwa kwa pamoja.

Jina la saa sitalitaja. Hata nikitaka, sijui nitaje lipi, maana lililoandikwa kwenye boksi silo linalotokea kioo kikiwaka, na karatasi ya maelezo ina jina la tatu. Lakini mtaani mnaijua: kioo cha mraba, mkanda mweusi wa mpira, boksi jeupe lenye picha ya kijana anayekimbia ufukweni.

Nianze na sukari, maana ndiyo iliyomtoa binti pesa. Kliniki walinipima asubuhi kabla sijala, wakapata 6.4. Haijafika 7, ambapo huanza kuitwa kisukari, ila imeshaivuka 5.6, wanapoanzia kuonya. Wakanizungushia futi tumboni, sentimita 103, na kikomo wanachokitumia kwa mwanamume wa huku kwetu ni 94. Namba ya juu ya presha, 138. Muuguzi akaniambia, "Mzee, hivi vitu hutembea kwa kundi. Tumbo, presha, sukari, na mafuta ya aina mbili kwenye damu. Vikifika vitatu, moyo na kongosho viko hatarini." Kisha akaniuliza kazi yangu. Nilipomweleza, akaandika kwenye kadi: asikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka.

Sasa yule kijana wa dukani alimwambia binti yangu kwamba saa hii inapima hatua, mapigo ya moyo, presha, usingizi na sukari. Sukari bila kutoboa kidole! Hapo nikaivua nikaigeuza. Mgongoni ina vitaa vya kijani na kijicho cha kupokea mwanga. Mwanga unapiga ngozi, damu inapita, na kinachorudi kinapungua na kuongezeka kwa kila pigo. Kwa hiyo mapigo inaweza kuyasoma, na ukiwa umetulia haipishani sana na mtu anayejihesabia mwenyewe kwa vidole. Sukari haina njia ya kuiona. Ili nisimsingizie mtu, niliifunga kwenye kigogo cha mninga ninachotumia kutobolea mikanda, nikabonyeza. Kigogo kikapata presha 118 kwa 76 na sukari 5.3. Kigogo changu kina afya kunishinda.

Hili si la kuchekea tu. Februari 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na kwamba anayefuata namba hizo anaweza kutumia dozi ya dawa isiyomfaa. Kama nyumbani mna mtu wa kudunga insulini, dawa ya kushusha sukari, sehemu hiyo ya saa asiiguse kabisa.

Hatua je? Ndani kuna kidude kidogo kinachohisi mtikisiko. Saa haijui mguu, inajua mkono. Nikisugua kioo cha plastiki kilichokwaruzika, mkono unakwenda na kurudi juu ya kipande cha ngozi, na saa inanihesabia mamia ya hatua nikiwa kitini. Nikitoka soko la Gikomba nimebeba mfuko mzito kwa mkono ule wenye saa, hatua nyingi hainihesabii. Suluhisho ni kuivaa mkono usiofanya kazi kubwa. Jirani yangu fundi cherehani mikono yake yote miwili husukuma kitambaa, akaamua kuifunga yake kifundoni juu ya soksi. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Jioni saa ikamwambia ametembea mpaka mji wa Thika.

Ilikuja imewekwa lengo la hatua 10,000, na kila jioni ikawa inanionyesha sura ya huzuni. Wazee wenzangu, namba hiyo isiwanyime usingizi. Ilitoka kwenye kihesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, Olimpiki za Tokyo zikiwa zimetoka tu kuisha. Namba nzuri ya kuuzia, hakuna aliyekuwa amempima mzee akaona anaihitaji. Utafiti uliokuja kukusanya takwimu za nchi kadhaa, ukachapishwa 2022, ulionyesha kwamba kwa waliovuka miaka 60 faida huendelea kupanda mpaka kwenye hatua 6,000 hadi 8,000 kwa siku, halafu inatulia. Mimi natoka Majengo kwa miguu, napita Kariokor, nashika Racecourse Road, na jioni narudi hivyo hivyo. Nikaiweka 7,000. Sura ya huzuni imekwisha.

Mpaka hapo mngesema ni takataka, na ningekubali, isingekuwa kitu kimoja ambacho muuzaji hata hakukitaja. Ukikaa muda mrefu bila kusogea, inatetemeka mkononi na kuonyesha kimtu kinachoinuka kitini. Hicho ndicho nilicholipiwa.

Niwaeleze jambo ambalo mafundi wa saa tumeliona zamani. Kuna saa za otomatiki, zisizo na betri, zinazojijaza kwa kushuka na kuinuka kwa mkono. Ndani yake kuna chuma cha nusu duara kinachozunguka kila unapoutikisa mkono. Mzee ananiletea saa aliyoivaa miaka yote akiwa kazini, analalamika: "Fundi, inasimama usiku, imeharibika." Naifungua, mashine ni safi, mafuta yapo, springi nzima. Namuuliza, "Mzee, umestaafu?" Anashangaa nimejuaje. Saa haina ugonjwa. Yeye ndiye siku hizi anatoka kitandani kwenda kwenye kochi, kutoka kwenye kochi kwenda mezani, na mkono hautikisiki vya kutosha kuijaza. Nimekutana na wengi wa namna hiyo, na kwa kawaida huwa wamekuja na tumbo jipya pia.

Ubaya wa kukaa si habari ya jana. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha hesabu za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva amekaa zamu nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Madereva waliugua moyo zaidi. Nina wateja madereva wa matatu wa hapa mjini, na kila nikiwaambia habari hiyo wananijibu makanga naye ananing'inia mlangoni, atakufa na kitu kingine. Sawa. Lakini tumbo la dereva wa matatu nani hajaliona?

Msuli ukifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini ya mwili wenyewe inapokuwa imedhoofika. Ukiwa umekaa, misuli mikubwa ya mapaja na vigimbi imelala, na ugali wa mchana unabaki ukizunguka kwenye damu. Na sisi wazee misuli imepungua, kwa hiyo ghala lenyewe la kuweka sukari ni dogo kuliko la vijana. Kuna jaribio la Australia lililochapishwa 2012: watu wazito wa miaka 45 hadi 65 walikaa kwa saa kadhaa baada ya kunywa kinywaji cha sukari na mafuta, siku nyingine wakafanya hivyo hivyo lakini wakitembea dakika 2 kila baada ya dakika 20. Sukari na insulini baada ya mlo vilishuka kwa kiasi cha robo hivi, hata kwa mwendo wa polepole. Dakika 2! Hiyo ni kupanda ngazi mpaka kwa fundi viatu wa ghorofa ya pili, kumsalimia, na kushuka.

Basi ndivyo ninavyofanya. Ikitetemeka, nakunja kitambaa juu ya saa ya mteja ili chembe zisipotee, nafunga droo, napanda ngazi. Mwanzoni wateja walilalamika, mmoja akaniuliza, "Mzee, unakimbia wapi na pesa yangu?" Wamezoea. Adhuhuri nakwenda Msikiti wa Jamia kwa miguu, nikivuka Tom Mboya na Moi Avenue, na safari hiyo mtetemo haunihusu.

Atasema mtu: si unatembea asubuhi na jioni, ya nini kusumbuka mchana? Uchambuzi wa watu zaidi ya milioni 1 uliotoka 2016 ulikuta kwamba ili kufuta hatari ya kukaa zaidi ya saa 8 kwa siku, unahitaji dakika 60 hadi 75 za mwendo wa nguvu ya wastani kila siku. Wangapi wetu wanazifikisha? Na mwenye magoti mabovu asikate tamaa, maana wazee wa Uingereza wa wastani wa miaka 78 waliofungwa vipimo kiunoni walionyesha kwamba kila nusu saa ya ziada ya shughuli nyepesi kwa siku iliendana na vifo pungufu kwa asilimia 17. Shughuli nyepesi ni kumwagilia sukuma wiki, ni kwenda dukani kununua maziwa mwenyewe badala ya kumtuma mjukuu.

Sasa kasoro za kikumbusho chenyewe, kwa sababu zipo. Kimewekwa dakika 60, na ukitaka 30 lazima upitie programu ya simu, ambayo ni ya Kiingereza kilichovunjika na Kichina. Mjukuu wangu ndiye aliyenisaidia. Halafu saa ikidhani unatembea, inaanza kuhesabu upya. Yaani kwenye mkono unaosugua hainikumbushi kamwe. Nilipoihamishia kushoto ikaacha kudanganyika. Vilevile haina habari na nguvu. Shirika la Afya Duniani linataka mzee afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na ya kuzuia mwili usiyumbe siku 3. Nikiinuka kitini bila kushika meza, mara kumi mfululizo, mapaja yanawaka moto. Saa inaandika sufuri.

Kuhusu utengenezaji, nimeifungua. Kioo kimebandikwa kwa gundi tupu, hakuna mpira wa kuzuia maji, ingawa boksi linaapa kwamba unaweza kuogelea nayo. Ivueni wakati wa udhu. Betri imegandishwa ndani, ikifa hakuna fundi wa kukubadilishia kwa gharama yenye maana, mimi nikiwemo. Pini mbili za chaji hushika kutu kwa jasho. Zipanguseni kwa spiriti na pamba. Kitu kizuri ni mkanda, pini zake ni za kawaida za milimita 22, ukikatika unapata mwingine barabara yoyote kwa bei ya chakula cha mchana.

Kwa shilingi 3,800 sikushauri. Duka hilo hilo lina ndugu yake asiye na maandishi ya presha wala sukari, anauzwa 1,900, na mtetemo ni uleule. Nimezishika zote mbili. Ukienda, mwambie kijana aiwashe na kuiunganisha na simu yako hapo hapo dukani, akuonyeshe dakika za kukaa zikishuka mpaka 30. Zikigoma kushuka chini ya 60, mrudishie, uulize ya duka la pili. Na mwenye simu ya kawaida anaweza kutega kengele yake bure, ingawa yangu hukaa kwenye droo na huwa siisikii kwa kelele za River Road.