Shujaa Asiye na Mbadala: Filamu za Malimwengu Sambamba Zikipimwa

Hadithi ya malimwengu sambamba huzaliwa na kasoro. Mtazamaji akishaambiwa kwamba kila mtu ana wenzake wasiohesabika walio kama yeye katika malimwengu mengine, kifo hupungua uzito, kwa kuwa aliyekufa huku anaweza kuchukuliwa kutoka kule. Na uamuzi nao hupungua uzito, kwa kuwa pengine mhusika huyohuyo ameamua kinyume. Tangu mwaka 2018 studio kubwa za Marekani zimetoa filamu kadhaa za mashujaa zilizosimama juu ya wazo hili, na ukizitazama kwa kufuatana utaona kwamba wingi wa malimwengu, au wa sura za zamani zilizorudishwa, haujaisaidia hata moja. Zilizofaulu ni zile zilizompa shujaa kitu kimoja kisicho na nakala popote, kisha zikamlazimisha ama akipoteze ama akilipie. Msomaji ambaye hajaziona ajue mapema kwamba miisho yake itatajwa humu.

Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyotoka mwaka huo wa 2018 na kutwaa Oscar ya filamu bora ya katuni, ndiyo iliyolielewa jambo hili kabla ya nyingine. Miles Morales, kijana wa Brooklyn, anang'atwa na buibui, na kabla hajajua la kufanya, Spider-Man wa ulimwengu wake anauawa. Halafu wanamiminika Spider-Man wa kwingineko, wote wakiwa wameizoea kazi hiyo. Katika filamu nyingine wageni wa namna hiyo huletwa ili hadhira ipige makofi. Hapa wanaletwa ili tuone jinsi Miles alivyo mdogo mbele yao. Hata uchoraji unashiriki: katika tukio la msituni, Miles amechorwa kwa picha 12 kwa sekunde ilhali Peter B. Parker anayemfundisha amechorwa kwa picha 24, hivyo mmoja anateleza hewani na mwingine anakwamakwama, na mtazamaji anaihisi tofauti hiyo bila kuambiwa chochote. Anapofikia kujirusha kutoka juu ya ghorofa, vidole vyake bado vimenata kwenye kioo, kioo kinavunjika na kuondoka naye, kisha picha inageuzwa juu chini na anayeanguka anaonekana anapaa. Vidole vile vilivyonata ndivyo vinavyolifanya tukio hilo liaminike, kwa sababu vinaonyesha kwamba hofu haijamtoka bali ameruka nayo.

Adui wa filamu hiyo naye amebuniwa kwa akili. Kingpin amejenga mtambo wa kuchota mke na mwana kutoka ulimwengu mwingine baada ya kuwapoteza wake. Kwa maneno mengine, yeye ndiye anayeamini kwamba watu wana mbadala. Upande wa pili Miles anampoteza mjomba wake, Aaron, na hakuna hata mmoja anayefikiria kumletea Aaron mwingine.

Spider-Man: No Way Home ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Jon Watts, ni filamu yenye sura mbili. Saa yake ya kwanza ina udhaifu wa wazi: balaa lote linaanza kwa sababu Peter Parker, Spider-Man anayeigizwa na Tom Holland, hataki rafiki zake wanyimwe nafasi ya chuo, na Doctor Strange, mchawi aliyemwomba msaada, anagundua, akiwa amekwisha kuvuruga mpangilio wa malimwengu, kwamba kijana huyu hakuwa hata amejaribu kupiga simu chuoni. Maadui watano wanatoka katika filamu zilizoanza mwaka 2002, na asiyezifahamu filamu hizo atabaki akijiuliza kwa nini jirani yake ukumbini anashangilia. Lakini marejeo hayo yanalipa mahali pamoja. Spider-Man wa Andrew Garfield, ambaye katika filamu ya mwaka 2014 alichelewa kumdaka mpenzi wake Gwen Stacy, anamdaka MJ, mpenzi wa Peter wa Holland, na kumfikisha chini salama, kisha uso wake unabadilika. Hajarudishiwa Gwen, na filamu haithubutu kusema kwamba amerudishiwa. Amepewa nafasi ya kumfanyia mtu mwingine kile alichoshindwa kumfanyia wake, basi.

Kisha unakuja mwisho, ambao kwangu ndio uamuzi mzito kuliko wote katika mfululizo wa Tom Holland. Ili malimwengu yajifunge, kila anayemjua Peter Parker lazima amsahau. Anaingia katika mgahawa anakofanya kazi MJ, ameshika karatasi aliyoandika maneno ya kujitambulisha upya. Anaiona plasta kwenye paji la uso wa binti huyo, alama ya vita asivyovikumbuka tena, na karatasi haisomwi. Anaagiza kahawa na kuondoka. Mashujaa wengi hufa mbele ya umati unaowalilia. Huyu anaendelea kuishi, na hana hata mtu mmoja wa kumpa pole.

The Flash ya mwaka 2023 ni filamu dhaifu, na bado ina kopo la nyanya ambalo filamu bora kuliko hiyo zingelitamani. Mama yake Barry Allen, ambaye ndiye Flash, shujaa mwenye mbio kupita kiasi, alisahau kununua kopo hilo, baba akarudi dukani kulifuata, na mama akauawa baba akiwa hayupo. Baba huyohuyo akafungwa kwa mauaji hayo. Barry anakimbia kurudi nyuma ya wakati na kulitia kopo kwenye toroli la mama yake, na kwa kitendo hicho kidogo anauharibu ulimwengu mzima. Mwishoni hana budi kurudi supamaketi kulitoa. Mama anamwona kijana asiyemjua akilia mbele yake, anamuuliza kama yuko salama, na kumkumbatia. Hakuna adui wala mlipuko. Kuna mtoto anayeliondoa kopo kwa mkono wake huku akijua kitakachofuata.

Kinachosikitisha ni kwamba filamu yenyewe haikuliamini tukio hilo. Muda mfupi kabla yake ilikuwa imetuonyesha mashujaa wa zamani waliotengenezwa kwa kompyuta, akiwamo Superman mwenye sura ya Christopher Reeve, mwigizaji aliyefariki mwaka 2004, kana kwamba sura ya marehemu ni pambo la ukutani. Na muda mfupi baadaye inagundulika kwamba Barry aliyahamishia makopo rafu ya juu, ili baba yake aangalie juu na kamera ya ulinzi imnase vizuri. Ushahidi unapatikana, baba anaachiwa huru, na George Clooney anashuka garini kama Bruce Wayne, yaani Batman, ili tucheke. Malipo yaliyokuwa yametutoa machozi yanageuka kuwa malipo yenye punguzo.

Katika Doctor Strange in the Multiverse of Madness, ya Sam Raimi, mwaka 2022, anayevuta macho ni Wanda, mchawi aliye adui wa filamu, wala si yule ambaye jina lake limo kwenye bango. Strange anaulizwa kama ana furaha, na anatunza saa yenye kioo kilichopasuka, lakini hayo tunaelezwa tu. Wanda anawataka watoto ambao ni wa mwanamke mwingine aliye yeye mwenyewe, na anapowafikia hatimaye, watoto wanamkimbia kwa woga. Naye America Chavez, binti afunguaye njia kati ya malimwengu, ametumiwa kama ufunguo kuliko kama mtu.

Deadpool & Wolverine ya mwaka 2024 inaijua kasoro ya aina yake na kuifanyia mzaha tangu mwanzo, Deadpool anapoufukua mwili wa Logan, yaani Wolverine, aliyekufa katika filamu ya mwaka 2017, na kuitumia mifupa yake kama silaha. Logan anayepatikana badala yake ni yule aliyekuwa ulevini wenzake walipouawa, na vazi la njano alilokataa kulivaa walipokuwa hai sasa halimtoki mwilini. Ni mbadala mwenye deni lake mwenyewe, na Hugh Jackman anamwigiza kwa uchungu unaoizidi filamu. Lakini mtambo unaopaswa kuwaua wote wawili unawaacha hai, na deni linafutwa bila kulipwa.

Imebaki Spider-Man: Across the Spider-Verse ya mwaka 2023, ambayo ndiyo jasiri kuliko zote. Miguel O'Hara, kiongozi wa Spider-Man wa malimwengu yote, anamwambia Miles kwamba kila Spider-Man lazima ampoteze kapteni wa polisi aliye karibu naye, na kwamba kuzuia kifo hicho ni kuuvunja ulimwengu. Baba yake Miles yu karibu kupandishwa cheo kuwa kapteni. Mamia ya waliokwisha kuumia wanamsihi aumie kama wao, naye anakataa. Hapo swali linageuka: tulizoea kuuliza shujaa atapoteza nini, sasa tunaulizwa ni nani aliyeamua kwamba lazima apoteze. Jibu linachungulia pembeni, katika ulimwengu wa Gwen mwingine, rafiki yake Miles ambaye naye ana nguvu za buibui, uliopakwa rangi za maji zinazobadilika kwa kadiri ya hisia zake, pale baba yake, kapteni naye, anapomwambia kwamba ameacha kazi. Sheria ya Miguel inapata ufa bila ngumi kurushwa.

Baada ya saa mbili na dakika ishirini filamu inakatika Miles akiwa mateka katika ulimwengu usio wake, mbele ya Aaron mwingine ambaye hamfariji hata kidogo, na aliyelipa kiingilio ana haki ya kunung'unika. Filamu ya tatu ina kibarua kigumu. Ikimuua baba, itakuwa imempa Miguel ushindi. Ikimwokoa kwa hila ya dakika za mwisho, itakuwa imeyahamishia makopo rafu ya juu.