Goti lililokakamaa baada ya upasuaji: kukunjwa chini ya nusukaputi au kukatwa makovu?

Goti bandia likishindwa kukunja hadi nyuzi 90, na wiki za mazoezi hazijaleta nafuu, kuna njia mbili za kuzungumza na daktari.

Ya kwanza: unapewa nusukaputi, daktari analikunja goti taratibu kwa mikono mpaka makovu ya ndani yaachie. Hakuna kisu, na ni kazi ya dakika chache. Ila ina wakati wake: hufaa zaidi ndani ya wiki 12 hivi tangu goti bandia liwekwe, makovu yangali laini. Yakishakomaa, nguvu hiyo hiyo inaweza kuvunja mfupa au kuchana kano iliyo chini ya pia ya goti, hasa kwa mwenye mifupa dhaifu.

Ya pili ni kuingiza kamera na vifaa vyembamba kupitia matundu madogo, makovu yakatwe. Daktari anaona anachokata, kwa hiyo inawafaa zaidi waliochelewa. Hatari ya maambukizi ni ndogo, lakini kwenye goti bandia si jambo la kupuuza.

Mimi ningeanza na tarehe ya upasuaji. Tena, kama goti lina maambukizi au kiungo bandia kimekaa vibaya (hili lichunguzwe mapema), si hii wala ile itakayoondoa chanzo. Kwa njia yoyote, fiziotherapia haikwepeki: huanza mara moja baada yake, kabla goti halijakaza tena.