Bembea la sikukuu Mwanga: nyota moja, na hiyo ni ya ziwa

Lile bembea kubwa la kuzunguka walilolifunga Mwanga, hapa Kigoma, sikukuu ile sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na kijana aliyekuwa akiliendesha. Ila nikianza naye moja kwa moja mtasema nina chuki binafsi, kwa hiyo nianze na mabembea mengine niliyopanda, mjue kabisa kwamba vyuma hivi si mara ya kwanza kuviona na wala si mwoga.

Mimi hili bembea nalipenda. Watu wazima wenzangu wakifika viwanjani hukaa chini na viatu vya watoto mapajani wakitafuna karanga. Mimi nakata tiketi. Nimelipanda Dar msimu wa Sabasaba, nimelipanda Unguja siku za Idd, nimelipanda Tabora kwenye Nane Nane pale Ipuli. Chuma ni kile kile. Nguzo huku na huku, ekseli katikati, viti vinaning'inia, rangi imebanduka, taa nusu zinawaka na nusu zimekufa. Anayekwambia la Dar ni la maana kuliko la mkoani ameangalia taa tu.

La Dar ni foleni. Unasimama juani mpaka hamu inakwisha, unapandishwa, unaona mabati ya mabanda na vichwa vya watu, unashushwa. La Unguja lilinifurahisha: watoto wamevaa nguo mpya, harufu ya udi imechanganyika na ya chipsi, watu wazima wanapiga kelele bila aibu. Wala simkumbuki aliyeliendesha, na sasa hivi naona hiyo ni sifa kubwa sana kwa mwendesha bembea.

Wa Tabora namkumbuka kwa wema. Mzee mmoja mkavu, kofia ya kiua, hana haraka na mtu. Hakujaza viti kwa kufuatana. Anapakia kiti kimoja, anazungusha nusu, anapakia cha upande wa pili, ndipo anarudi. "Wewe mama kaa hapa. Nyie vijana wawili subirini, nawataka kule." Nikamuuliza kwa nini anatupanga kama magunia. Akanieleza vizuri tu: uzito ukilala upande mmoja, mota inahenya wakati wa kuupandisha, na ukishavuka juu gurudumu linataka kukimbia lenyewe. Mkanda unachoka, halafu unaruka. Kisha akapita kiti kwa kiti akivuta kile chuma cha kuzuia watu, kimoja kimoja, kwa mkono wake. Kijana mmoja kwenye foleni akachoka, akapaza sauti, "Mzee, tutapanda leo au kesho?" Mzee akajibu bila kugeuka: "Leo. Na utashuka leo." Juu kule nilichoona ni miembe na vumbi la mwezi wa nane. Nyota nne, na ya tano imeondoka na vumbi.

Haya, Mwanga sasa.

Ilikuwa Idd, sijui mosi sijui pili, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kukatika. Nimewachukua watoto wa kaka yangu, mkubwa wa kike na mdogo wake wa kiume. Kijana wa bembea ana spika sikio moja, anatafuna bigijii, anajaza viti kama walivyokuja kwenye foleni, kimoja baada ya kingine, upande mmoja wote. Nilikumbuka ya mzee wa Ipuli, nikanyamaza, nikasema labda huyu ana mtambo wa kisasa. Tukakaa. Kile chuma cha mbele kina tundu la pini, pini hakuna. Pale pa pini wamepitisha msumari wa inchi nne, wameukunja kwa nyundo, halafu wamezungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii imeshika kweli?" "Imeshika, bi mkubwa." Hakuutazama huo msumari. Aliangalia simu.

Tukaanza kupanda. Jenereta ikawa inalia kwa kujikamua, gurudumu linakwenda kwa kusitasita, na tulipokaribia juu kabisa nikasikia pa! Mkanda umeruka. Tukarudi nyuma kidogo, moyo ukabaki pale tulipokuwa, kiti kikayumba, kikatulia. Mdogo akaficha uso kwenye dera langu. Mkubwa akaniuliza, "Shangazi, tumefika?"

Nikachungulia chini. Yule bwana anazunguka jenereta akiwa anaongea na simu, anacheka. Nikamwita kwa adabu. Nikamwita tena, adabu ikiwa imepungua: "Kaka! Huku kuna watoto!" Akainua uso, akaweka mkono kiunoni, akajibu kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima:

"Bi mkubwa, si mlitaka kuona ziwa? Liangalieni basi, dakika hizo nawapa bure."

Foleni ikaangua kicheko. Wauza mishikaki wakacheka. Naapa kuna mbuzi alicheka.

Basi nikaliangalia. Na hapa nalazimika kusema kweli hata kama inaniuma: sijawahi kuona kitu kama kile juu ya bembea lolote. Wakati wa kiangazi, watu wanapochoma mapori, moshi unalifunika ziwa, wiki zinapita milima ya Kongo huioni. Siku ile mvua ilikuwa imeosha hewa. Milima imesimama ng'ambo, mikunjo yake yote unaihesabu, jua linaanza kuilalia. Ghuba imetulia. Mitumbwi ya dagaa inatoka upande wa Kibirizi kwa makundi, kila mmoja na taa zake bado hazijawashwa. Mdogo akatoa uso kwenye dera, akanyoosha kidole. "Shangazi, kule ndiko walikotoka kina bibi?" Nikamwambia ndiko. Akasimama kwenye kiti kutafuta nyumba ya bibi, nikamkalisha. Kichwani nilikuwa nimeshafika nyota nne, nawaza hata ya tano. Mzee wa Tabora na upangaji wake wote hakunionyesha chochote cha kufanana na hicho.

Ndipo nikahisi kitu kinadondoka begani. Grisi. Kiungo cha kiti juu yetu kinavuja, na tulivyokuwa tumesimama, tone lake linakuja kwangu, tone baada ya tone, kwenye dera la sikukuu ambalo lilikuwa halijafuliwa hata mara moja. Nyota zikaanza kushuka moja moja.

Adhana ya magharibi ilitukuta huko huko juu. Mkanda ukawa umegoma kurudi, wakaitwa vijana wa kuvuta gurudumu kwa mikono, kiti kimoja kishuke, kiti kingine kije. Mkumbuke watu wote walikuwa wamejazwa upande mmoja. Kila walipolegeza kidogo, gurudumu likawa linawazidi nguvu. Kijana mmoja nilimwona ameng'ang'ania chuma, miguu imeachana na ardhi, ndala moja imebaki chini. Pale sikuwa na hasira, nilikuwa nasoma dua.

Tulipogusa chini hasira ikarudi ikiwa imepumzika. Nikaenda kudai hela yangu. "Tiketi ikishachanwa hairudi." Nikamwambia hatukumaliza hata mzunguko mmoja. "Kwani kuna aliyekufa?" Nikamwambia neno kama hilo halisemwi mbele ya watoto, siku ya Idd. Akashusha pumzi kama mimi ndiye ninayemchosha: "Bi mkubwa, haya mambo hata Ulaya yanakwama."

Angeniacha hapo kwenye "Kwani kuna aliyekufa?" ningeenda zangu. Lakini bembea hili nimelisoma, na mtu asinidanganye kwa kitu ninachokipenda. Nikamwambia: la kwanza kubwa kabisa alilijenga mhandisi Ferris kule Chicago mwaka 1893, lilikuwa na urefu wa mita 80, vyumba 36, kila kimoja kikibeba watu 60, na liliendeshwa kwa mvuke, wala si jenereta yako hiyo. Mtu alikuwa analipa senti 50 anapewa mizunguko miwili: wa kwanza linasimama mara 6 kupakia watu, wa pili dakika 9 bila kusimama hata kidogo. Mizunguko miwili! La Vienna ni la mwaka 1897 na mpaka leo linazunguka. La London lina mita 135, linakwenda taratibu kiasi kwamba watu wanaingia likiwa linatembea. Wewe umenipa nusu mzunguko na grisi.

Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Haya, anayefuata!"

Na wakapanda! Fundi amerudisha mkanda kwa spana, hata dua haijakauka mdomoni mwangu, watu wale wale waliotucheka wanakaa kwenye kiti kile kile chenye msumari. Mkubwa wangu naye ananivuta mkono anataka turudie.

Kwa hiyo sijui niwaambieje. Kijana sifuri. Ingawa, na hili kaka yangu ndiye aliyenikumbusha watoto walipomsimulia, ni yeye aliyempokea mdogo kwenye kiti, akambeba mpaka kwenye nyasi, akamfungia na kamba za viatu zilizofunguka. Sawa, nusu nyota. Hapana. Kicheko kile cha foleni yeye ndiye aliyekianzisha, sifuri. Mahali penyewe tano, sibishi, hakuna Dar wala Unguja itakayonionyesha Kongo. Mkikwenda, nendeni baada ya mvua, mnamo saa kumi na moja, na kabla hamjakaa tazameni kama viti vya upande wa pili vina watu. Kama havina, ngojeni. Msiulize kuhusu msumari, hamtajibiwa. Vaeni nguo ya zamani.

Na kuhusu dera: nimejaribu sabuni ya unga, nimejaribu limau, jirani akanishauri mafuta ya taa, sasa lina doa na linanuka. Mwenye dawa ya grisi kwenye kitambaa chepesi aniambie.