Theluthi mbili au zaidi ya nusu?

Chini ya kanuni za kumchagua Papa zilizotolewa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1996, zikipigwa kura kama mara 34 bila mshindi, makardinali waliweza kukubaliana Papa apatikane kwa zaidi ya nusu tu. Hapo ndipo palipovuja: kambi yenye watu 67 kati ya wapiga kura 133, idadi ya mwaka 2025, ingekaza tu na kungoja, bila kumbembeleza yeyote.

Benedikto XVI aliziba mwanya huo 2007. Sasa ni theluthi mbili mwanzo hadi mwisho, yaani 89 kati ya 133. Wakikwama, wanabaki wagombea wawili wanaoongoza, nao hawapigi kura: kati ya 131, mshindi anahitaji 88. Ubaya wake? Wabishi 44 kati ya hao 131 wanatosha kukwamisha kila kitu.